Sabuni Isiyoganda

Nina ngozi ya shingo isiyojua kusamehe. Nikinyoa Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi shingo imejaa vipele kana kwamba nimelalia siafu, na Jumatatu wanafunzi wangu wa darasa la sita wanatazama kidevu changu badala ya ubao. Nimejaribu limao, spiriti, utomvu wa mshubiri, na ushauri wa kinyozi mmoja wa Mbinga mjini aliyeniambia kwamba tatizo langu si wembe bali hasira. Nilimkasirikia sana. Mke wangu, niliyemsimulia nikitegemea anitetee, alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kike alipoanza kutengeneza sabuni ya kunyolea huko ziwani alikoolewa, karibu na Mbamba Bay, hakupata shida ya kutafuta mtu wa kuijaribia. Alinipigia simu akasema, "Kaka, sabuni itakayopita salama kwenye shingo yako itapita kokote." Sikuchukia. Nilikuwa na sababu nyingine ya kuitaka hiyo sabuni, nayo ilikuwa imekaa kwenye kiti uani kwangu, imeipa barabara mgongo.

Baba yetu alikuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini huku juu milimani, upande wa Litembo. Kila Jumamosi jioni, tangu nikiwa mdogo, alikuwa anatoa nje kigoda, bakuli la bati, kipande cha sabuni ya mche, kioo kilichopasuka kona moja, na wembe wake wa mpini wa chuma. Aliloweka uso, akapaka sabuni, akanyoa bila kusema neno, na sisi watoto hatukuruhusiwa kupita mbele yake na kuku tunaowakimbiza. Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, kidevu kikiwa laini kama yai lililomenywa. Wamatengo wengi wa rika lake wanaringia kahawa yao au ngoro zao, yale mashimo ya kilimo yaliyochimbwa vizuri mteremkoni. Baba aliringia kidevu.

Kisha kiharusi kikampata, mwanzoni mwa mvua, akiwa shambani. Kikachukua mkono wa kulia na upande wa kulia wa mdomo. Hospitali walimtunza, wakaturudishia mzee anayeweza kutembea kwa fimbo mpaka chooni na mpaka kwenye mibuni ya kwanza, mwenye maneno machache yanayotoka polepole. Tulishukuru Mungu. Ila ndevu hazikujua kwamba mwenyewe ameugua, zikaendelea kuota.

Alijaribu kunyoa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Sabuni ya mche inataka mikono miwili: mmoja uishike, mwingine uvute ngozi. Ilimponyoka ikaanguka, akaisaka kwa mguu chini ya kigoda, na alipofanikiwa kupaka shavu moja, povu lilikuwa limeshakauka. Akapitisha wembe hivyo hivyo. Nilitoka ndani nikakuta damu kuanzia chini ya sikio mpaka kwenye kola ya shati. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nilimfokea. Mimi, mwanawe, nilimfokea baba yangu kama ninavyomfokea mtoto aliyepanda juu ya dawati. Nikamnyang'anya wembe nikaupandisha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo za mke wangu. Nilijiambia kwamba ni kwa usalama wake.

Baba hakuuliza ule wembe umekwenda wapi. Jumapili iliyofuata nilipomletea koti la kanisani, alitikisa kichwa. "Siendi," akasema. "Kama beberu hivi?"

Nilimwambia nitamnyoa mimi. Akasema neno moja: "Bado."

Sikuhitaji maelezo. Katika ukoo wetu mtoto wa kiume humnyoa baba yake mara moja tu, siku ya kumwandaa kwa maziko. Baba alimnyoa babu siku hiyo, na babu alimnyoa baba yake. Kabla ya hapo mkono wa mwana haugusi kidevu cha baba, hata kwa kumsaidia, maana ni kama kumwambia kwamba umechoka kusubiri. Baba alifundisha katekisimu maisha yake yote, alipiga vita hirizi na waganga, lakini hilo la kidevu hakuligusa. Nilimuuliza wakati mmoja, akasema Kanisa halijalikataza.

Basi nikamleta kinyozi kwa bodaboda, na mashine yake ya betri. Baba akageukia ukutani. Nikamwita mtani wake, mzee wa Kingoni anayekaa bondeni, ambaye yeye na baba wamekuwa wakitukanana kwa upendo tangu ujana. Mtani anaruhusiwa mambo mengi ambayo mtoto haruhusiwi. Aliketi mbele ya baba, akakunja mikono ya shati, akasema, "Haya, mtumwa wangu, lete shingo." Baba akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Akayakusanya maneno yake moja moja: "Babu yako aliikosa shingo hii kwa mkuki. Wewe uipate kwa wembe?" Mtani alicheka mpaka machozi, akanywa chai, akaondoka na wembe wake mfukoni. Nilibaki na hasira zangu.

Ikawa hivyo kwa miezi. Wanajumuiya walipokuja kusali kwetu, baba alivuta blanketi mpaka chini ya pua. Padre alipomletea komunyo, aliipokea vivyo hivyo, kwa kulishusha blanketi kidogo tu. Jumapili kengele ilipolia alihamishia kiti uani, akakaa akitazama jiko, watu wanaopita wasimwone uso. Mahindi yakakomaa, tukavuna maharage, kahawa ikaanza kuiva, na yeye yuko pale pale. Mimi niliogopa. Nimewaona wazee wa huku. Mzee aliyezoea kutoka akishaanza kukaa ndani, hakai sana. Nilitaka baba arudi kwenye benchi lake, na sikujua njia ya kumrudisha.

Sasa turudi kwenye sabuni. Mdogo wangu alijifunza kazi hiyo kwa bibi mmoja wa huko ziwani. Mafuta ni mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Kyela. Majivu aliyachukua kwetu, ya maganda ya kahawa, kwa magunia. Anayaweka kwenye ndoo iliyotobolewa chini, anamwagia maji, na yale maji yanayochuruzika, mekundu kama chai, ndiyo anayopikia mafuta. Kujua kama ni makali ya kutosha anachovya unyoya wa kuku: ukiyeyuka, maji yako tayari. Mwisho anatia mchaichai kwa ajili ya harufu.

Kopo la kwanza alilituma kwa dereva wa basi. Nilifungua, nikaona kitu cha kahawia, kizito, kama uji wa ulezi uliolala. Nilijipaka shingo nzima kwa imani. Kabla sijashika wembe nilikuwa nimeshatia kichwa chote kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na mke wangu anauliza kulikoni. Shingo iliwaka siku tatu. Nilimpigia mdogo wangu simu, nikamwambia maneno ambayo si ya mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uliigusa kwanza kwa ulimi?" Sikuwa nimeigusa kwa ulimi. Nani anaonja sabuni? "Ikichoma ulimi ni changa bado, kaka. Nilikuandikia kwenye karatasi." Karatasi niliiona baadaye, chini ya kopo, na sikumwambia kwamba niliiona.

Sokoni nako hakuwa na bahati. Akina mama wa kwetu wana namna yao ya kununua sabuni: wanaibonyeza kwa kidole gumba. Ikipokea alama ya kidole, wanairudisha, hiyo si sabuni, itaisha kwa maji ya siku moja. Ya mdogo wangu ilimeza kidole chote. Walimwambia airudishe jikoni ikaive. Mmoja alimuuliza kama inaliwa na mkate. Alirudi kwake akaipika upya, akaipika tena, mpaka kuni zikamwishia. "Haigandi," aliniambia kwenye simu, na nilisikia kwamba alikuwa amelia. Ningeweza kumweleza kwamba sabuni ya majivu ndivyo ilivyo, hubaki laini, na hiyo ngumu ya dukani inatokana na magadi ya kiwandani. Hilo nalifundisha. Lakini nilikuwa bado na kinyongo cha shingo yangu, nikanyamaza, na hilo pia ninalijutia.

Alikuja mwenyewe na kopo la pili, Jumamosi moja mchana, basi mpaka Mbinga na bodaboda mpaka mlangoni. Alipiga goti mbele ya kiti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama," baba akajibu. Anamwita mama kwa sababu amerithi jina la bibi yetu. Mdogo wangu alimtazama zile ndevu nyeupe zilizoficha shingo. Akanigeukia mimi. "Kaka, kaa hapa. Leo nasimamia mwenyewe."

Tulitundika kile kioo cha kona iliyopasuka kwenye mguu wa kichanja cha kuanikia kahawa. Kopo aliliweka juu ya kigoda, karibu na kiti cha baba, kwa sababu hapakuwa na pengine penye kivuli. Niligusa sabuni kwa ulimi mbele ya mashahidi wawili. Haikuchoma. Ilikuwa na ladha ya sabuni tu, na mchaichai. Alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, ya upana wa vidole viwili, aliyoikata nywele fupi, akaniambia nichovye kidogo na nizungushe.

Povu lilikuja polepole, halafu likaja kweli. Halikuwa lile la mapovu makubwa yanayopasuka. Lilikuwa zito na jeupe, likakaa. Nilisubiri likauke kama ninavyolijua povu la mche, halikukauka. Nikashika wembe wangu wa plastiki nikaanza kazi, kwa haraka, nikienda juu na chini kama kawaida yangu.

"Unavuna maharage?"

Ilikuwa sauti ya baba. Sentensi hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote alizosema wiki nzima. Tulimgeukia wote wawili. Akaninyooshea mkono wa kushoto, kiganja kikiwa wazi. "Njoo."

Sikumwelewa mara moja, mdogo wangu ndiye aliyenisukuma. Nilipiga magoti chini, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, uso umejaa povu, na baba akachukua wembe kutoka mkononi mwangu. Kumnyoa mtoto hakuna mwiko. Alininyoa kichwa nikiwa mdogo, kila mwezi, na kofi moja nikijitikisa. Ila ndevu hakuwahi kunifundisha. Ziliota nikiwa shule ya bweni, nikajifunza kwa wenzangu ambao nao hawakujua.

Mkono wake ulitetemeka mwanzoni, nami nikafumba macho. Akapitisha wembe chini ya shavu, taratibu, kuelekea ndevu zinakolala. Akausuuza kwenye bakuli. Akapitisha tena. "Usikandamize," akasema. Baada ya muda: "Zifuate." Ndiyo mafunzo yote niliyopata, na nilikuwa nimeyasubiri tangu kidato cha pili bila kujua kwamba nayasubiri. Alipofika kwenye koo mkono haukutetemeka tena.

Aliponimaliza hakurudisha wembe. Aliutazama ule mpini wa plastiki, akaukunjia uso, akauweka kando. Kisha akachukua brashi, akaichovya kwenye kopo. Kopo halikuhitaji kushikwa, lilitulia pale kwenye kigoda, na sabuni ile laini ikapanda kwenye brashi bila ubishi. Akaanza kupaka ndevu zake. Mdogo wangu akanitupia jicho.

"Wembe wangu," baba akasema.

Nilisimama pale. Nilikuwa naiona ile damu kwenye kola. Nikaanza kusema kwamba labda tukate kwanza kwa mkasi, kwamba kesho, kwamba daktari alisema.

"Kaka," mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini, "mpe."

Nikaingia ndani, nikapanda juu ya stuli, nikautoa nyuma ya sanduku. Ulikuwa na vumbi. Nilipotoka nao nikakuta baba ananitazama, na hapo nikafahamu kwamba siku zote alijua ulipokuwa. Angeweza kumwagiza mjukuu au mke wangu. Alikuwa anasubiri niurudishe mwenyewe. Nilimpa kwa mikono miwili. "Nisamehe, baba." Yeye alikuwa anaangalia kama wembe umeshika kutu.

Mdogo wangu alipunguza urefu kwa mkasi, baba akamruhusu, mkasi si wembe. Kisha baba akapaka upya na kuanza kunyoa. Ilichukua muda mrefu ajabu. Mke wangu alichemsha maji mara mbili. Baba alinyoa sehemu ndogo, akapumzika mkono gotini, akanyoa nyingine, na lile povu likamsubiri. Mche usingemsubiri. Upande wa kulia, ambako shavu limelegea, alisukuma ngozi kwa ulimi kutoka ndani mpaka ikanyooka. Sijui aliwaza lini jambo hilo. Kuku walipita mbele yake na hakuna aliyewafukuza.

Mwishoni palibaki mahali pamoja: chini ya taya la kulia, nyuma kidogo kuelekea sikio, pakubwa kama sarafu. Mkono wa kushoto haukupafikia. Alijaribu kutoka juu, akajaribu kwa kupitia chini ya kidevu, akageuza shingo, hakuweza. Nikasahau yote. Nilinyoosha mkono wangu, nikasema, "Hapo nikusaidie, baba."

Akaushika mkono wangu. Hakuusukuma. Aliushika tu, vidole vyake vikiwa bado na povu, akanitazama bila ukali wowote.

"Hapo pako," akasema. Akapumua, akatafuta maneno mengine. "Nimekuachia. Siku yake."

Mdogo wangu aliinuka akaenda kumwaga maji ambayo hayakuwa yamechafuka. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na sikuona haya. Niliporudi baba alikuwa anajipapasa kidevu kwa mgongo wa mkono, huku na huku, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Jumapili alivaa koti. Tulifika tukiwa wa kumi au wa ishirini, kwa sababu ya fimbo, lakini benchi lake lilikuwa wazi, hakuna aliyekuwa amelikalia miezi yote hiyo. Baada ya misa mtani wake alimshika kidevu hadharani akakikuta kile kishungi cha ndevu chini ya taya. "Mtumwa wangu, mbona umeacha mbegu?"

"Ya mwanangu," baba akajibu. Mtani akanitazama. Mara hiyo hakutania.

Shingo yangu, kwa taarifa ya wanaouliza, haina vipele tena, ingawa sijui kama ni sabuni au ni kufuata ndevu zinakolala. Mdogo wangu ameacha kuipika mpaka kuni ziishe. Anaiuza kwenye makopo, na anayetaka kuibonyeza kwa kidole anakaribishwa. Wateja wake wengi ni wanaotunza wagonjwa. Baba ananyoa kila Jumamosi, na siku hizi anakaa uani akiwa ameelekea barabarani, ananiita kama kuna mtu wa kusalimia.

Kile kishungi hakuna aliyekigusa, hata kwa mkasi. Kimerefuka, cheupe chote, na baba akiimba kinatikisika juu ya kola. Mke wangu anasema kinachekesha, na ni kweli. Jumapili, wakati wa maombi ya waamini, wenzangu wanaombea mvua, wagonjwa na bei ya kahawa. Mimi naomba kishungi kile kifike kifuani.